RUHUSA YA KUDAI: WAZEE WA VIZUIZINI MBELE YA MAHAKAMA YA LONDON

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi. Tunayachapa yote kwa kuwa wengi waliokosa nafasi ukumbini wameyaomba.)



Tumetakwa usiku huu tuseme juu ya jambo ambalo wengi wenu mmekwisha kutuuliza mmoja mmoja, barazani na njiani. Mtu aliyeteswa akiwa mikononi mwa serikali, kisha ikapita miaka kumi, ishirini, au hamsini, je, ana njia ya kwenda mahakamani? Jawabu letu ni kwamba njia ipo, lakini mlangoni pake amekaa bawabu, na bawabu huyo jina lake ni muda. Kabla mahakama haijasikia ni nani aliyepiga na ni nani aliyepigwa, mdai hana budi kwanza aombe ruhusa ya kusikilizwa. Watu hudhani kesi hizi hushindwa kwa kuwa mdai hana haki. Nyingi hushindwa kabla haki yenyewe haijatajwa.

Hatupendi kulisema jambo hili juu juu. Tutaieleza kesi moja kwa urefu, nayo ni ya jirani zetu wa Kenya, kwa sababu imekwisha, hukumu zake zimeandikwa, na kila mwenye kutaka anaweza kuzisoma.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Serikali ya Kikoloni ya Kenya ilitangaza Hali ya Hatari juu ya vita vya Mau Mau, na haikuiondoa mpaka Januari 1960. Katika miaka hiyo makumi ya maelfu ya watu, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, walitiwa vizuizini pasipo kuhukumiwa na mahakama yoyote. Makambi hayo hayakuwa yote bara. Manyani na Mackinnon Road yalikuwa kando ya reli iendayo Mombasa. Hola ilikuwa kando ya Mto Tana. Na baadhi ya wale walioitwa viongozi walipelekwa kisiwa cha Manda, kinachotazamana na Lamu, ambako jamaa zetu wengi wana asili na udugu. Mkoloni alijua tangu zamani kwamba kisiwa ni jela isiyohitaji ukuta.

Kufika mwaka 1957 serikali ile ilikuwa na shida. Waliobaki vizuizini ni wale waliokataa kukiri kiapo, na waliokataa kufanya kazi. Ikabuniwa njia ya kuwavunja kwa nguvu wanapoingia kambini, wachache wachache, wazungukwe na walinzi na wenzao waliokwisha kukubali. Mwanasheria Mkuu wa Kenya, Eric Griffith-Jones, ambaye hapo awali aliwahi kuyalinganisha mambo ya vizuizini na yale ya Ujerumani ya Hitler na Urusi ya kikomunisti, safari hii alimtengenezea Gavana, Sir Evelyn Baring, kanuni ya kuruhusu nguvu hiyo. Akamwandikia kwamba ikiwa ni lazima watende dhambi, basi waitende kimya kimya. Mtu aliyeapa kuilinda sheria aliyaandika maneno hayo katika karatasi ya serikali, na karatasi ikatiwa kabatini. Tutairejea karatasi hiyo.

Tarehe 3 Machi 1959 ikatokea Hola. Wafungwa 85 walitolewa kwenda kazi ya kilimo cha umwagiliaji, wakakataa, wakapigwa marungu. Walikufa 11. Serikali ikatoa khabari kwamba watu hao wamekufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Kwa siku chache dunia iliambiwa hivyo, mpaka madaktari walipofungua maiti na hakimu wa Mombasa akafanya uchunguzi, ikadhihirika kwamba kilichowaua ni kipigo. Bunge la Uingereza likajadili usiku kucha mwezi wa Julai, na hata Enoch Powell, mtu wa chama tawala na mtu asiyekuwa rafiki wa watu weusi, akasimama kuilaumu serikali ya chama chake. Lakini hakuna hata mmoja aliyeshitakiwa kwa vifo vile.

Sasa tuulize: watu waliotoka katika makambi hayo, kwa nini hawakwenda mahakamani mwaka 1960, au 1964? Swali hili ndilo lililoulizwa na mawakili wa Serikali ya Uingereza zaidi ya miaka 50 baadaye, na waliuliza kwa sauti ya mtu anayeona amekwisha kushinda.

Majibu yake ni mengi. Kwanza, aliyetoka kizuizini alikuwa maskini aliyenyang'anywa shamba lake, na London haikuwa mahali pa kwenda kwa miguu. Pili, na hili tunalisema kwa masikitiko, Serikali ya Kenya huru haikuiondoa ile amri ya mkoloni ya kuipiga marufuku Mau Mau. Amri hiyo ilibaki katika sheria tangu uhuru wa 1963 mpaka mwaka 2003, karibu miaka 40. Mzee aliyetaka kukusanyika na wenzake wahesabu makovu yao alikuwa mwanachama wa chama haramu, chini ya bendera aliyoipigania. Tatu, ushahidi haukuwapo nchini.

Hili la tatu ndilo tunaloomba mlisikilize vizuri. Ukoloni ulipokaribia kuondoka, amri zilitoka London mwaka 1961 kwamba karatasi zitakazoaibisha Serikali ya Uingereza zisiachiwe serikali zinazokuja. Nyingine zichomwe, nyingine zifungwe ndani ya masanduku yenye uzito na kuzamishwa katika bahari ya kina kirefu isiyo na mkondo, nyingine zipelekwe Uingereza. Sisi watu wa visiwani tunaijua bahari kwa samaki na kwa misiba yake, lakini hatukupata kufikiri kwamba wako walioipima kina chake kwa ajili ya kuzika majalada. Za Kenya zilizosalia zikarushwa kwa ndege mwaka 1963. Serikali ya Kenya ilipoziomba baadaye ilinyimwa.

Basi tazameni mpango ulivyokamilika. Mwenye kudhulumu humziba mdomo aliyedhulumiwa, huchukua karatasi na kuzificha, kisha anapoitwa mbele ya jaji husema: huyu amechelewa, na tena hana karatasi.

Tarehe 23 Juni 2009 wazee watano, wanaume watatu na wanawake wawili, walifungua madai katika Mahakama Kuu ya London. Walisaidiwa na chama cha wazee waliopigana na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, na wakili wao alikuwa Martyn Day. Kati yao yumo aliyehasiwa. Wamo wanawake waliotendwa mambo ambayo hatutayataja mbele ya mkusanyiko wenye wazee na vijana. Yumo mmoja aliyekuwa Hola siku ile, akapigwa hata akazimia, akalazwa pamoja na maiti kwa kudhaniwa kuwa mmoja wao, naye alikwisha kaa vizuizini miaka mingi bila ya kusomewa kosa.

Serikali ya Uingereza haikuanza kwa kusema kwamba mambo hayo hayakutendeka. Ilianza kwa kusema kwamba deni si lake: madhambi ya serikali ya kikoloni ya Kenya yalihamia kwa Jamhuri ya Kenya siku ya uhuru, pamoja na ofisi na madawati yake. Yaani aliyepigwa akamdai aliyepigwa mwenzake! Jaji McCombe, tarehe 21 Julai 2011, alikataa kuifuta kesi. Alisema kwamba yapo ya kujibiwa, na akaongeza kwamba huenda ikaonekana ni jambo la ajabu, au hata la kukosa heshima, kwa mahakama zisizokubali kamwe ushahidi uliopatikana kwa mateso kukataa kumsikiliza aliyeteswa anapoidai serikali ya nchi hiyo hiyo.

Kabla ya hapo lilikwisha tokea jambo kubwa zaidi. Mwanahistoria David Anderson, aliyekuwa akiwasaidia wadai, alifuatilia katika nyaraka alama za majalada yaliyorushwa mwaka 1963, akaieleza mahakama kwamba yapo mahali. Mapema mwaka 2011 Serikali ya Uingereza ikakubali: yalikuwa katika nyumba yake ya Hanslope Park, masanduku 300 hivi ya Kenya peke yake. Palikuwapo vile vile majalada kiasi ya 8,800 yaliyotoka makoloni 37. Na humo ndimo zilimokuwa barua za Gavana na wasaidizi wake.

Ikabaki sasa ile ruhusa. Sheria ya Uingereza ya muda wa kudai, ya mwaka 1980, humpa aliyeumizwa mwili miaka mitatu. Lakini kifungu chake cha 33 humpa jaji khiyari ya kuuacha muda huo usihesabiwe, ikiwa kufanya hivyo ni insafu kwa pande zote mbili. Jaji hutazama sababu za kuchelewa, na hutazama kama kesi bado yaweza kusikilizwa kwa haki ilhali mashahidi wamekufa na kumbukumbu zimefifia. Katika mwezi wa Julai 2012 wazee walisafiri tena mpaka London, wakapanda kizimbani wakaulizwa maswali. Hapo wakili wa serikali akatamka mahakamani kwamba serikali haikatai kuwa wadai hawa waliteswa na watu wa utawala wa kikoloni. Akakiri mateso, kisha akaendelea kuomba kesi isisikilizwe kwa sababu ya kalenda.

Hukumu ilitoka tarehe 5 Oktoba 2012, ikiwahusu watatu. Susan Ngondi alikuwa amekwisha kufa hali ya kungoja. Jaji alitoa ruhusa. Sababu yake kubwa ilikuwa kwamba utawala ule ulikuwa na desturi ya kuandika kila kitu: barua, ripoti, mihtasari ya vikao, maagizo ya jeshi; na kwa karatasi hizo bado yawezekana kujua nani aliamuru na nani alijua. Ile karatasi ya dhambi ya kimya kimya, pamoja na ndugu zake, ndiyo iliyomfungulia mlango mtu asiyejua kusoma Kiingereza. Serikali ilisema itakata rufaa, lakini ikaishia kukaa na wadai mezani.

Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, alisimama Bungeni akasema kwamba serikali yake inatambua kwamba Wakenya waliteswa, na inasikitika kwa dhati. Akatangaza Pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228, gharama za mawakili zikiwa ndani yake, na msaada wa kujenga kumbukumbu jijini Nairobi, ambayo ilifunguliwa katika bustani ya Uhuru Park mwaka 2015. Lakini alisema pia kwamba serikali haikubali kuwa ina dhima ya kisheria. Tunawaambia wazi: huo ulikuwa ushindi, ila ulikuwa ushindi wa sulhu. Ukigawanya fedha hizo utaona haziyalipi mashamba, seuze viungo vya mwili.

Wako watakaotuuliza, na Mau Mau wenyewe je? Hawakuua? Waliua. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 huko Lari walichoma majumba yakiwa na wanawake na watoto ndani, na hatuna haja ya kulificha. Aliyeua ahukumiwe kwa kuua. Lakini mtu akishakamatwa, akafungwa mikono, akawa hana silaha wala mlango, dhamana yake iko juu ya aliyemfunga, awe amefanya nini. Tukiliachia hili kwa ajili ya watu tusiowapenda, hatutakuwa na neno la kusema siku watakapochukuliwa vijana wetu.

Sasa tutasema habari isiyopendeza, kwa sababu wengi waliisikia kesi ya 2013 wakadhani mlango umebaki wazi. Haukubaki. Wakenya wengine zaidi ya 40,000 walifungua madai yao baadaye. Kesi ilianza kusikilizwa mwaka 2016 mbele ya Jaji Stewart, ikachaguliwa mifano michache kwa niaba ya wote. Mwaka 2018 ikatupwa. Jaji aliona kwamba kwa madai yale, baada ya zaidi ya nusu karne, mashahidi wamekwisha na serikali haiwezi tena kujitetea kwa haki, kwa hivyo ruhusa haitoki. Vile vile kwa sheria ya Uingereza madai ya mambo yaliyotendeka kabla ya tarehe 4 Juni 1954 hayana hata jaji wa kuombwa. Mtu aliyepigwa tarehe 3 Juni mwaka huo hana mlango, na aliyepigwa tarehe 5 anayo nafasi ya kubisha hodi.

Mahakama ilikuwa ile ile na sheria ile ile. Kwa maoni yetu, tofauti haikuwa katika ukubwa wa maumivu. Ilikuwa katika karatasi. Wale wa kwanza walikuwa wachache, na habari zao ziliweza kufungamanishwa na kambi, na siku, na maandishi ya watu wakubwa. Wengi wa wale wa pili walikuwa na kumbukumbu zao tu, na kumbukumbu ya mtu wa miaka 80 ni rahisi kwa wakili kuipasua.

Wenzetu wa kisiwa kimoja waliliona hili wakafaidika. Watu wa Cyprus waliokamatwa katika vita vya EOKA, miaka ya 1955 mpaka 1959, nao walikwenda London. Januari 2018 jaji aliwaruhusu waendelee, na Januari 2019 serikali ikakubali kuwalipa watu 33 jumla ya Pauni milioni moja, tena bila ya kukiri dhima. Walikuwa wachache, na habari zao zimepangwa.

Na tusidhani kwamba dhulma za namna hii ni za Mzungu peke yake. Serikali huru ya Kenya ilikuwa na vyumba vyake vya mateso chini ya Nyayo House, Nairobi. Katika 2010 Mahakama Kuu ya huko iliwapa fidia watu 21 walioteswa humo, miaka mingi baada ya kutendewa. Lakini watu wa Mlima Elgon hawakuwa na bahati hiyo huko Arusha. Walilalamikiwa kwa niaba yao, mbele ya Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, kwamba waliteswa na askari katika operesheni ya mwaka 2008 na kabla yake. Majaji wa kwanza walisema dhulma ile inaendelea, basi muda haujakwisha. Majaji wa rufaa, tarehe 15 Machi 2012, wakasema Mkataba wa Jumuiya unatoa miezi miwili tu, na miezi miwili imepita. Kesi ikaisha hapo. Miezi miwili, ndugu zetu! Aliyevunjwa mguu huwa bado yumo ndani ya plasta.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko Arusha hiyo hiyo, haina hesabu kali namna hiyo. Huuliza tu kama mdai alikuja ndani ya muda wa kiasi. Wafungwa wengi wa Tanzania waliandika madai yao kutoka jela, wengine kwa mikono yao, wakasikilizwa, na baadhi wakashinda. Lakini Novemba 2019 serikali iliondoa tamko lililowaruhusu raia kwenda huko wenyewe, na uondoaji ukaanza kazi tarehe 22 Novemba 2020. Walioko madarakani hawakueleza wananchi kwa ukamilifu ni kwa nini mlango uliotumiwa zaidi na wafungwa ndio uliostahili kufungwa. Chama chetu hakitaacha kuuliza.

Mabibi na mabwana, kutokana na hayo yote Halmashauri ya tawi imeamua mambo haya, nasi tumeagizwa tuyaseme.

Kila mwanachama, au mtoto au ndugu wa mwanachama, aliyepata kushikwa na kuteswa, iwe mwaka jana au miaka thelathini nyuma, aandikiwe habari yake. Si hotuba. Iandikwe siku, saa, mahali, nani alikuwapo, alivalia nini, nani alimwona alipoingia na alipotoka, na hospitali gani ilimtibu. Asiyeijua tarehe aseme ilikuwa kabla ya Idi ipi au baada ya mvua za mwaka gani, tarehe itatafutwa. Cheti cha daktari, fomu ya PF3, karatasi ya dhamana, hata bahasha ya barua iliyotoka jela, visichomwe wala visifungiwe maandazi. Asitie chumvi mtu. Neno moja la uongo likigunduliwa litayazamisha manne ya kweli. Na yule ambaye jambo lake ni la karibuni asingoje chama kikutane. Amwendee wakili wiki ile ile, kwa kuwa kila dai lina muda wake na mwingine ni mfupi kuliko mnavyodhani.

Madaftari ni mawili. Moja litabaki kwa Katibu, na la pili, lenye nakala, litawekwa mbali na tawi, kwa mtu ambaye Mwenyekiti anamjua. Jina la mtu halitasomwa hadharani pasipo ridhaa yake. Walio tayari kuanza usiku huu wabaki baada ya dua; meza iko upande wa kibla, na akina mama wametengewa chumba cha nyuma, ambako mwandishi ni mwanamke mwenzao.